Ulemavu wa Watoto: Kwa Nini Huchagua Wilaya na Nyumba?

Sote tumewasikia wazee wakisema, "Hujafa hujaumbika." Methali hii ina hekima kubwa, maana yatuonya tusimcheke mwenye ulemavu, kwa kuwa mtu aliye mzima leo aweza kuwa na ulemavu kesho. Lakini watu wengine huitumia vibaya. Wamwonapo mtoto aliyepinda miguu husema, "Ndivyo alivyoandikiwa," kisha huendelea na safari yao. Kwa maneno hayo huonekana kana kwamba ulemavu huanguka popote, kama embe liangukavyo kwa upepo, na kwamba hakuna wa kuulizwa wala la kufanywa.

Katika makala hii nataka kueleza kwamba sivyo ilivyo. Ulemavu mwingi wa watoto una njia zake. Hufuata udongo, hufuata maji, hufuata chakula, na zaidi ya yote hufuata mfuko wa baba na mama. Mwaka 1 wa maisha ya mtoto wa wilaya moja haufanani na mwaka 1 wa mtoto wa wilaya nyingine. Na hata katika kijiji kimoja, mtoto wa nyumba hii hayuko katika hatari sawa na mtoto wa nyumba ile. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, yaani takriban mtoto 1 katika kila 10. Hesabu hii ni kubwa, lakini haituambii watoto hao wanakaa wapi na wanakula nini. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame.

Nitaanza na kwetu, maana mtu hueleza vizuri zaidi lile alijualo.

MAJI YATOKAYO MLIMANI

Mimi ni mzaliwa wa Wilaya ya Arumeru, katika miteremko ya chini ya Mlima Meru, mashariki ya jiji la Arusha. Wenzangu wa bweni walionifahamu tangu Kidato cha Kwanza wanajua kwamba meno yangu ni ya rangi ya kahawia. Wageni huniuliza kama navuta sigara, au kama nyumbani kwetu hakuna mswaki. Jibu ni kwamba meno yangu yalitiwa rangi hiyo na maji niliyokunywa utotoni, kabla hayajaota. Hakuna mswaki wala dawa ya meno iwezayo kuitoa, kwa sababu rangi haiko juu ya jino kama uchafu, bali imo ndani ya jino lenyewe.

Kilichomo katika maji hayo huitwa floraidi. Wanaosoma Kemia wanajua kwamba florini iko katika Kundi la VII pamoja na klorini na iodini. Katika nchi zilizopitiwa na Bonde la Ufa, toka Ethiopia, kupita Kenya, hadi Tanzania, milima ya volkano ilimwaga miamba na majivu yenye floraidi nyingi. Mvua inyeshapo maji huzama ardhini, hupita katika miamba hiyo kwa muda mrefu, na huyeyusha floraidi polepole. Maji yenye kalsiamu nyingi hayawezi kubeba floraidi nyingi, kwa kuwa viwili hivyo huungana na kutuama chini. Lakini maji ya kwetu yana kalsiamu kidogo na magadi mengi, kwa hiyo floraidi hubaki ndani yake, haionekani, haina harufu, wala haina ladha. Aghalabu kadiri maji yashukavyo chini ya mlima ndivyo floraidi izidivyo. Hata hivyo visima viwili vilivyo karibu vyaweza kutofautiana sana, na hapana awezaye kuvitambua kwa macho.

Floraidi kidogo haina ubaya. Ndiyo itiwayo katika dawa ya meno ili kuimarisha meno. Ubaya uko katika wingi wake. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 katika kila lita moja ya maji ya kunywa. Nchini kwetu, kwa kuwa maji yalikuwa adimu, katika miaka ya 1970 iliruhusiwa kwa muda kunywa maji ya vijijini yenye hata miligramu 8. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na tangu mwaka 2018 kiwango cha Tanzania ni 1.5 kama cha dunia. Kwa hiyo watoto wa vizazi kadhaa walikua wakinywa maji ambayo mtoto wa Dar es Salaam hakuambiwa ayanywe. Walioruhusu jambo hilo hawakuwa na chuki nao. Waliona kwamba maji mabaya kidogo ni afadhali kuliko kutokuwa na maji kabisa. Hata hivyo gharama ya uamuzi huo ililipwa na mifupa ya watoto.

KWA NINI WATOTO HUUMIA ZAIDI

Mtu mzima ahamiaye kwetu akiwa na miaka 30 hawezi kupata meno ya kahawia, kwa sababu meno yake yamekwisha kuumbwa. Meno ya kudumu ya mtoto huumbwa ndani ya ufizi tangu utoto hadi yapata miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, jino huumbika vibaya, likawa na madoa meupe, kisha kahawia, na pengine humeguka.

Mifupa nayo hufanya vivyo hivyo. Mfupa wa mtoto hukua kila siku, na kila siku huchukua madini yaliyomo katika damu. Ikiwa damu ina floraidi nyingi, mfupa huichukua kwa wingi kuliko mfupa wa mtu mzima. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto akinywa lita moja na nusu ya maji yenye miligramu 10 kwa lita, amemeza miligramu 15 kwa siku moja, mbali na zile zilizomo katika uji na ugali uliopikwa kwa maji hayo hayo. Baada ya miaka kadhaa mifupa ya miguu hushindwa kubeba uzito ipasavyo. Wengine hupata matege makubwa, wengine magoti hugongana, na wengine miguu yote miwili huelekea upande mmoja.

Jambo moja la kufurahisha ni kwamba maziwa ya mama hayana floraidi nyingi, hata kama mama mwenyewe hunywa maji yenye floraidi nyingi. Mwili wa mama humkinga mtoto. Hatari huanza pale mtoto aanzapo kupewa maji na uji. Kwa hiyo mama anyonyeshaye bila kumpa mtoto maji katika miezi sita ya mwanzo, kama wauguzi wafundishavyo, anamkinga na mambo mengi kwa pamoja.

KISIMA KIMOJA, NYUMBA MBILI

Hadi hapa mtu aweza kusema, "Basi, ni bahati mbaya ya mahali, wote wa Arumeru wanaumia sawasawa." Lakini sivyo, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Nyumbani kwetu na kwa baba yangu mkubwa tunateka maji katika kisima kimoja. Kisima hicho kilichimbwa na wafadhili kabla mimi sijazaliwa, wakashangiliwa kwa ngoma, na floraidi haikupimwa. Babu yetu ni mmoja, damu ni moja. Lakini watoto wa baba mkubwa wana meno yenye madoa tu na miguu yao imenyooka, ambapo mdogo wangu, aliye na miaka 11, miguu yake imepinda hata akitembea magoti hayakaribiani. Majirani walisema mengi. Wengine walisema mama alimsimamisha mapema mno. Wengine walisema alimbeba vibaya mgongoni. Wengine walinong'ona kwamba kuna jambo katika ukoo wa mama. Mama alikaa miaka mingi akibeba lawama hiyo pamoja na mtoto.

Daktari wa mifupa alipomwona mdogo wangu hakuuliza habari za ukoo. Aliuliza mnakunywa maji gani, na mtoto anakula nini. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa tofauti ya nyumba zile mbili.

Kwa baba mkubwa kuna ng'ombe wawili wa maziwa. Watoto wake hunywa maziwa kila siku. Maziwa yana kalsiamu, na kalsiamu huishika floraidi tumboni, hata sehemu yake ikatoka nje bila kuingia katika damu. Aidha, mfupa upatao kalsiamu ya kutosha huwa na nguvu ya kuvumilia. Kwetu hakuna ng'ombe. Chakula chetu ni ugali na mboga za majani, na siku nyingine makande. Makande hupikwa kwa maharage, na maharage hulainishwa kwa magadi ili yasimalize kuni. Magadi ya kwetu mengi hutoka katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, nayo yana floraidi. Hivyo mwenye kuni chache hutia magadi zaidi, na mwenye kutia magadi zaidi humlisha mtoto wake floraidi zaidi. Umaskini ukaingia chunguni bila kuonekana.

Kwa baba mkubwa, tena, kuna nyumba pana ya bati yenye mifereji na tanki. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, kwa kuwa hayajapita katika miamba. Wao hunywa na kupikia maji ya mvua miezi mingi ya mwaka, na ya kisimani huyatumia kufulia na kunyweshea mifugo. Sisi tuna bati dogo na ndoo.

Basi twaona kwamba mahali panaleta hatari, lakini mfuko ndio uamuao nani aumie. Kisima ni kimoja. Wenye maziwa na tanki waliondoka na madoa ya meno, wasio navyo waliondoka na miguu iliyopinda.

KUCHEMSHA HAKUSAIDII

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui, hata wazazi waangalifu. Shuleni tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, na ni mafundisho mema, maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini floraidi si kijidudu, ni madini. Haifi. Tuseme sufuria ina lita 10 za maji yenye miligramu 4 kwa lita. Floraidi yote ni miligramu 40. Yakichemka hata zikabaki lita 8, mvuke umeondoka lakini miligramu 40 zimebaki, na sasa kila lita ina miligramu 5. Kwa hiyo kuchemsha sana huzidisha. Kuchuja kwa kitambaa nako hakusaidii, wala kutia dawa ya klorini.

Njia zinazosaidia ziko. Katika Wilaya ya Arumeru kuna Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji. Wataalamu wa hapo hutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa katika tanuri maalumu. Mfupa uliochomwa vizuri huwa na vitundu vidogo vingi, na floraidi hunata humo maji yapitapo. Ni ajabu, lakini ndiyo kanuni ile ile: mfupa huvuta floraidi. Tofauti ni kwamba tunauacha mfupa wa ng'ombe uivute, ili usiivute mfupa wa mtoto. Chujio la namna hiyo hutoshea katika ndoo. Hata hivyo mtu asijaribu kuchoma mifupa mwenyewe jikoni, kwa maana ikiungua kidogo huharibu ladha na harufu ya maji, na ikiungua mno hugeuka majivu meupe yasiyoshika floraidi vema. Tena mifupa hiyo huchoka baada ya muda, hapana budi ibadilishwe.

Njia nyingine ilitoka Nalgonda nchini India. Maji hutiwa shabu na chokaa, hukorogwa, floraidi ikatuama chini pamoja na matope. Nayo yahitaji vipimo sahihi kila siku.

Mjini wanayo njia ya tatu, nayo ni kuleta maji mengine kabisa. Jiji la Arusha lilipata mradi mkubwa wa maji uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 500, ambao visima vyake vingine vilichimbwa katika Wilaya ya Hai yenye maji mazuri zaidi. Ni kazi ya kusifiwa sana. Lakini bomba kubwa hujengwa mahali penye watu wengi kwa pamoja, na kijiji kilicho mbali na bomba hubaki na kisima chake. Hapo twaona tena jinsi mahali pa kuzaliwa panavyomgawia mtoto mifupa yake.

WILAYA NYINGINE, SABABU NYINGINE

Wasomaji wa mikoa mingine wasidhani kwamba jambo hili ni la Arusha tu. Nitataja mifano mitatu kwa ufupi, ili tuone kwamba njia ni ile ile ijapokuwa ugonjwa ni mwingine.

Mfano wa kwanza ni ugonjwa uitwao konzo. Jina hili latoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, ambako daktari aitwaye Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtoto mzima wa afya huamka asubuhi akakuta miguu imekakamaa, na tangu siku hiyo hutembea kwa ncha za vidole au kwa magongo maisha yake yote. Mwaka 1981 konzo iliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, na mwaka 1985 ilitokea Tarime katika Mkoa wa Mara. Sababu yake ni sumu ya sianidi iliyo katika muhogo mchungu. Kwa kawaida akina mama huiondoa sumu hiyo kwa kuuloweka muhogo au kuuvundika siku kadhaa kabla ya kuukausha. Lakini wakati wa ukame na njaa watu hawawezi kungoja. Huufupisha muda, wakala muhogo ungali na sumu. Tena mwili huishinda sumu hiyo kwa msaada wa vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, mayai na nyama. Mwenye samaki mezani husalimika. Mwenye muhogo mtupu hupooza. Waathirikao zaidi ni watoto na akina mama. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia alionyesha njia rahisi: unga wa muhogo huloweshwa kwa maji, hutandazwa mwembamba usiozidi sentimita moja, na kuachwa kivulini kwa muda wa saa 5, au juani kwa muda wa saa 2, sumu ikatoka kama hewa. Kisha unga husongwa ugali siku hiyo hiyo. Njia hii haina gharama.

Mfano wa pili ni upungufu wa madini joto, yaani iodini. Katika nchi za milima mvua nyingi huosha udongo na kuondoa madini hayo. Mama mjamzito akikosa madini joto kabisa, mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, na pengine asisikie wala kusema. Watu huona rovu shingoni mwa mtu mzima, lakini hasara kubwa zaidi imo kichwani mwa mtoto. Kinga yake ni chumvi iliyotiwa madini joto. Ijapokuwa sheria yataka chumvi yote itiwe, chumvi ya mawe iuzwayo kwa kisoda au kwa kopo sokoni mara nyingi haina kitu, nayo ndiyo inunuliwayo na mwenye fedha kidogo. Ajabu ni kwamba mikoa ya Lindi na Mtwara, ambako chumvi huvunwa kwa wingi pwani, imekuwa miongoni mwa mikoa ambayo nyumba nyingi hutumia chumvi isiyo na madini joto.

Mfano wa tatu ni tofauti kidogo. Kuna watoto wazaliwao na nyayo zilizogeukia ndani. Huu hauchagui tajiri wala maskini. Duniani hupata takriban mtoto 1 katika kila 1,000. Tena dawa yake yajulikana. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa nchini Marekani, alifundisha kuunyoosha mguu taratibu kwa mkono na kuufunga plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa wiki tano au sita. Mara nyingi hufuata kukatwa kidogo kwa mshipa wa kisigino, na baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu, hasa usiku, hadi afikishe miaka minne hivi. Mtoto huyo atacheza mpira na wenzake. Lakini hesabuni nauli. Kwenda hospitali ya mkoa na kurudi kila wiki, mara sita, mama akiwa na mtoto mgongoni na shamba likingoja palizi. Aliye mjini hupanda daladala. Aliye kilomita 100 toka hospitali huenda mara mbili, fedha zikaisha, plasta ikaoza mguuni, akaacha. Basi watoto wawili waliozaliwa sawa, mmoja atakuwa mzima na mwingine atakuwa na ulemavu wa maisha. Hapa ulemavu haukuletwa na ugonjwa. Uliletwa na nauli.

BAADA YA ULEMAVU, UMASKINI TENA

Jambo la mwisho la kueleza ni kwamba gurudumu hili huzunguka. Umaskini huleta ulemavu, na ulemavu huongeza umaskini. Mdogo wangu alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa kukata na kunyoosha mifupa. Gharama tuliyotajiwa ilikuwa kubwa kuliko mavuno yetu ya mwaka. Baba aliuza kipande cha shamba, mguu mmoja ukanyooshwa, na mguu wa pili ungali unangoja. Shamba limepungua, kwa hiyo chakula kimepungua, na nyumbani yupo dada yetu mdogo wa miaka miwili ambaye miguu yake bado imenyooka.

Kadhalika kuna habari ya shule. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za Serikali hadi Kidato cha Nne, na sisi tulio hapa tumefaidika. Lakini njia ya kwenda shule ya msingi ya kijijini kwetu ni kilomita nne, yenye mto na kilima. Mdogo wangu huondoka saa kumi na moja asubuhi ili afike saa mbili, na mvua za masika zinyeshapo haendi kabisa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu kama mwenzake. Haki hiyo ipo katika karatasi, na kazi yetu ni kuifikisha kijijini.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Wasomaji, sikuandika haya ili tuhuzunike. Ugonjwa wenye sababu ijulikanayo ni ugonjwa wenye kuzuilika, na hilo ni jambo la matumaini. Kwa hiyo nashauri haya:

Kwanza, wazazi wa mikoa yenye floraidi, kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga na Mara, waulize kisima chao kimepimwa kiasi gani. Ofisi za maji zina vipimo. Swali hili ni haki ya mwananchi, wala si utovu wa adabu.

Pili, ikiwa maji mazuri ni machache, yatengwe kwa ajili ya watoto wadogo na kwa ajili ya kupikia. Tuseme watu sita hutumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika. Hiyo ni lita 30 kwa siku, na kwa kiangazi cha siku 150 ni lita 4,500. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Bati la mita za mraba 40, masika ikileta milimita 500, laweza kutoa hata lita 20,000. Mvua ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni tanki. Hapa ndipo vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na halmashauri zetu, zingeweza kusaidia nyumba zenye watoto walio chini ya miaka minane kwanza.

Tatu, magadi yapunguzwe chunguni. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi bila magadi, wala hayamalizi kuni.

Nne, wauguzi na wakunga wamtazame kila mtoto azaliwaye miguu yake, na mtoto apelekwaye kupata plasta asaidiwe nauli. Nauli ya safari sita ni ndogo sana ukiilinganisha na magongo ya miaka sitini.

Tano, sisi wanafunzi tukirudi likizo tueleze haya kwa lugha ambayo nyumbani wataielewa. Mimi likizo iliyopita nilichora kisima, mfupa na sufuria juu ya karatasi, nikamweleza bibi yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mama na kumwambia mbele ya majirani, "Mwanangu, kumbe hukumbeba vibaya." Mama hakujibu neno, alichukua ndoo akaenda kuiweka chini ya mfereji wa bati, maana mawingu yalikuwa yamekusanyika.

Tangu siku hiyo dada yetu mdogo hapewi maji ya kisimani. Ndoo zetu hazitoshi kiangazi kizima, na baba anadunduliza fedha ya tanki. Kama tutafaulu kabla mifupa yake haijashika, sijui kitu kingine nitakachokisoma katika shule hii kitakachokuwa na faida kubwa kuliko hicho.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne